Cherehani ya Mkono ni Ipi? Istilahi za Vyombo vya Kushonea Ngozi

Miongoni mwa maswali yaletwayo mbele ya wanaoshughulikia istilahi, yale yahusuyo vyombo vya mafundi hupewa uzito mdogo kuliko yanavyostahili. Istilahi za sheria, za isimu na za udaktari zina wasemaji wake wenye sauti. Mshona viatu hana kamati. Hata hivyo siku hizi mshona viatu naye huandikiwa hati: maombi ya mkopo, ankara ya bei, tamko la forodha, muhtasari wa mafunzo. Kila hati katika hizo humtaka mtu aliyekaa mezani, ambaye huenda hajapata kushika sindano ya ngozi, aamue kwa neno moja ni chombo gani kinachokusudiwa. Neno likikosewa, chombo kinachonunuliwa si kile kilichotakiwa, na deni lake hulipwa vilevile.

Katika makala haya tumechukua mifano yetu Tunduma, katika Mkoa wa Songwe uliotengwa na Mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Tunduma ni mji wa mpakani. Barabara kuu iendayo Zambia na reli ya TAZARA zote hupita hapo, na tangu mwaka 2019 pana kituo cha pamoja cha forodha baina yake na Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Malori yapangayo foleni katika mji huo ndiyo yaliyomfanya fundi wa ngozi wa pale asiwe mshona viatu tu. Hushona viti vya madereva, hutia viraka maturubai, hutengeneza mikanda ya kufungia mizigo na mikoba ya safari, na viatu navyo huvishona. Ankara anazoletewa zimeandikwa kwa Kiingereza, vitabu vya maelekezo aghalabu vimeandikwa kwa Kichina pamoja na Kiingereza kigumu, na yeye mwenyewe husema Kiswahili. Kazi ya kuunganisha lugha hizo humwangukia mfasiri, mwalimu wa ufundi au karani wa halmashauri. Hao ndio tunaowaandikia.

Hati moja iliyoletwa kwetu ili tuithibitishe tafsiri yake ilikuwa na ombi la kikundi cha vijana la kununua "cherehani za mkono mbili". Afisa mmoja aliyeisoma aliuliza pembeni, kwa haki kabisa, kwa nini vijana wenye umeme dukani mwao wanunue cherehani za kuzungushwa kwa mkono, tena kwa bei kubwa namna ile. Ankara ya Kiingereza iliyoambatishwa ilikuwa na jibu. Cherehani zilizotakiwa zilikuwa za mota. Kiingereza huita sehemu yake ya chini kwa neno lenye maana ya mkono, kwa kuwa sehemu hiyo imenyooshwa mbele kama mkono, na mfasiri alilichukua neno hilo kama lilivyo. Lakini katika Kiswahili cherehani ya mkono ilikwisha kuwa na maana yake tangu zamani: ni ile izungushwayo kwa mkono, mkabala wa cherehani ya miguu ikanyagwayo kwa miguu. Hapana Mswahili atakayelisikia neno hilo akafikiri jambo lingine.

Neno cherehani lenyewe wanaisimu hulihusisha na neno la Kiajemi lenye maana ya gurudumu. Waliolipokea walikitaja chombo kwa kile walichokiona kikizunguka. Sisi nasi twaonelea kuwa njia hiyo ndiyo njema: tuitaje cherehani kwa umbo lake au kwa kazi inayoifanyia ngozi, wala si kwa kiungo cha mwili ambacho lugha nyingine imekichagua. Kwa hiyo tunapendekeza majina matatu ya umbo. Ile ya kawaida, ambayo chini ya sindano yake pana bapa la chuma lililo sawa na meza, iitwe cherehani bapa. Ile ambayo sindano hushukia juu ya kichwa cha nguzo iliyosimama iitwe cherehani ya nguzo. Hiyo hufaa kwa sehemu ya juu ya kiatu, ambayo haikubali kulazwa. Na ile iliyoleta utata, ambayo chini ya sindano ina kipande kirefu cha mviringo kilicholala, ncha yake moja ikiwa wazi ili mkoba au mfuko uvishwe na kuzungushwa, iitwe cherehani ya gogo. Nguzo husimama na gogo hulala. Mwanafunzi akiambiwa mara moja hasahau. Wapo watakaosema gogo ni neno la shambani, lisilofaa kuingia katika hati za serikali. Hatuoni hivyo. Mtaimbo, jiriwa na mwiko ni maneno ya kazi za mikono, nayo yamo katika orodha za vifaa vya serikali bila kumvunjia mtu heshima.

Utata wa mguu ni mgumu zaidi, kwa sababu hapo neno la kigeni lilikwisha kupokewa na mafundi wenyewe. Kile kipande cha chuma kinachoshuka na kubana nguo chini ya sindano, mafundi hukiita mguu wa cherehani, na hatuna sababu ya kuwanyang'anya. Taabu huja pale mfasiri akutanapo na cherehani ambazo Kiingereza huziita kwa maneno yenye maana ya mguu utembeao. Akiandika "cherehani ya mguu unaotembea", msomaji hujikuta ameingia tena katika cherehani ya kukanyaga. Afadhali tuache jina na kutazama jambo lenyewe.

Cherehani ya nguo husukuma kitambaa kwa meno yaliyo chini peke yake. Vipande viwili vya khanga vikipita hapo, cha juu hufuata cha chini bila ubishi. Ngozi haifanyi hivyo. Uso wake huganda kwenye mguu wa chuma. Kipande cha chini husogea na cha juu hubaki nyuma kidogo kidogo kila sindano ishukapo, na mwisho wa mshono vipande viwili vilivyokatwa sawa havikutani tena. Fundi hujaribu kuokoa kazi kwa kuvuta kwa mkono, na hapo sindano hupinda au huvunjika. Zipo cherehani zilizotengenezwa ili kuondoa shida hii: sindano huingia katika ngozi na kusogea nayo ikiwa bado imo ndani, mguu wa ndani husogea pamoja na sindano, na meno ya chini husukuma wakati huohuo, huku mguu wa nje ukingoja zamu yake ya kubana. Kwa kuwa jambo kubwa hapa ni namna ya kusukuma, tunapendekeza msukumo wa chini kwa zile za nguo, msukumo wa juu kwa zile ambazo mguu pekee ndio uvutao ngozi, na msukumo wa pamoja kwa hizi tulizozieleza. Halmashauri inayotangaza zabuni ikiandika "cherehani ya gogo, ya msukumo wa pamoja, yenye mota", imekwisha sema yote ambayo muuzaji anahitaji kuyajua kuhusu umbo na mwendo wake.

Yafaa tuonye hapa juu ya maneno "cherehani ya kiwandani", ambayo yameenea sana katika maombi. Maneno hayo hutaja mahali inapotumika, hayataji uwezo. Nyingi ya cherehani ziuzwazo kwa jina hilo ni za msukumo wa chini, zenye mota ya kasi, zilizokusudiwa kushona mashati kwa maelfu. Zitaitoboa ngozi laini, ndiyo, lakini hazitaisukuma sawasawa, na kasi yake humkimbia fundi kwenye kona. Namna nyepesi ya kumlinda mnunuzi ni kuandika jaribio katika hati yenyewe: muuzaji ashone vipande viwili vya ngozi ya kiti vyenye urefu sawa, tuseme sentimita 30, bila kuvivuta kwa mkono, na ncha zake zitazamwe. Macho ya karani yanatosha kuamua. Tena asichanganye vipimo viwili ambavyo vitabu vya wauzaji huviweka karibu karibu. Kimo cha kuinuka kwa mguu ni nafasi ya kupitisha kazi chini ya sindano. Unene unaoshoneka ni jambo jingine, nao daima ni mdogo kuliko kimo hicho. Tumeona tafsiri zilizoita vyote viwili "unene wa ngozi".

Kuna cherehani moja ambayo haihitaji jina jipya. Kampuni ya Singer, katika kiwanda chake cha Clydebank huko Uskochi, kilichofunguliwa mwaka 1885 na kufungwa mwaka 1980, ilitengeneza cherehani za jamii ya 29K, ambazo gogo lake ni jembamba kiasi cha kuingia ndani ya kiatu. Msukumo wake ni wa juu, na mguu wake huweza kugeuzwa pande zote, hata mshono uende mbele, kando au nyuma bila kukigeuza kiatu. Nakala zake zitengenezwazo China, nyingi zikiwa za kuzungushwa kwa mkono, ndizo zinazoonekana leo kwenye vibaraza vya mafundi. Jina cherehani ya viraka linaieleza barabara, tena linaonyesha na mipaka yake. Bobini yake ni ndogo, na meno ya mguu wake huacha alama juu ya ngozi. Ni chombo cha kutengeneza kilichoharibika. Anayetaka kushona mikoba mipya kwa wingi akishauriwa kununua hiyo kwa sababu ni rahisi, ameshauriwa vibaya. Wala isichanganywe na cherehani ya soli, ambayo ni nzito zaidi na hushona soli kwenye mwili wa kiatu kwa uzi mnene uliotiwa nta.

Sasa tuje kwenye namba, maana hapo ndipo wafasiri wengi hujikwaa bila kujua. Kwenye pakiti ya sindano za cherehani huandikwa, kwa mfano, 100/16. Hiyo si sehemu ya hesabu, wala si sindano 100 kwa 16. Ni majina mawili ya kipimo kimoja. Namba ya kwanza ni kipenyo cha sindano kwa sehemu za mia za milimita, kwa hiyo 100 ni milimita moja kamili. Ya pili ni ya mfumo wa zamani wa watengenezaji. Vivyo hivyo 90 ni 14, 110 ni 18, na 140 ni 22. Mwalimu aandikaye "sindano namba 18" na mwenziwe aandikaye "namba 110" wanasema kitu kimoja, ingawa mwanafunzi hataamini. Tunashauri namba zote mbili ziandikwe daima, kama pakiti ifanyavyo. Zaidi ya hayo pana namba ya mfumo wa shina, mathalani 135×17, ambayo pia huitwa DP×17. Hiyo hueleza urefu wa sindano na umbo la sehemu inayokazwa kwenye cherehani. Sindano yenye unene sahihi lakini shina lisilo lake haitashona hata kidogo.

Namba za uzi zina hila nyingine. Katika mfumo wa tiketi, namba ikiwa kubwa uzi ni mwembamba: tiketi 40 ni uzi mwembamba kuliko tiketi 20. Katika mfumo mwingine, ambao hupima gramu za uzi wenye urefu wa mita 1,000, namba kubwa ni uzi mnene. Mfasiri akiandika "uzi namba 40" tu, amemwachia fundi kitendawili chenye majibu mawili yanayopingana. Mfumo huo wa pili, ukiandikwa kwa sauti ya Kiswahili, huwa teksi. Na katika mji wenye magari kama Tunduma hatudhani kuwa mtu atakwenda dukani kuuliza uzi wa teksi 70 bila kuchekwa. Kwa sababu hiyo tunaonelea iandikwe "uzi wa gramu 70 kwa mita 1,000". Ni maneno mengi, lakini hayana kosa.

Ncha ya sindano nayo ina mambo yake. Sindano ya ngozi ina ncha yenye makali, ambayo hukata tundu. Sindano ya nguo ina ncha ya mviringo, ambayo hupenya baina ya nyuzi za kitambaa na kuzisukuma kando. Fundi wa viti vya malori akimaliza ngozi na kuingia kwenye turubai bila kubadili sindano, kila pigo linakata nyuzi za turubai, na mshono unaoonekana imara siku hiyo hupasuka kwa upepo wa safari ya kwanza. Wauzaji hutumia maneno "sindano ya kazi nzito" kwa zote mbili. Maneno hayo yasitumike katika hati wala katika mafunzo. Tuseme sindano ya ncha kali na sindano ya ncha mviringo. Na katika mafunzo ielezwe pia kuwa ngozi haizibi tundu lake: mishono ikikaribiana mno, mstari huwa kama ule wa stempu na ngozi huchanika papo hapo. Urefu wa milimita 3 hadi 4 kwa pigo hufaa kwa kazi nyingi za mikoba na mikanda.

Katika vyombo vya mkono Kiswahili ni tajiri kuliko wengi wadhanivyo. Kastabini na subana humlinda mshonaji kidole. Shazia ni sindano kubwa ya kushonea magunia na magodoro. Jiriwa hubana kazi. Kalibu hukipa kiatu umbo. Kwa chombo cha kutobolea chenye mpini, kamusi za zamani zina maharazi, neno litokalo kwenye Kiarabu, nalo twaonelea lirudishwe, kwa kuwa "sindano ya mpini" huchanganya kile kinachotoboa tu na kile chenye kindoana kivutacho uzi. Cha kwanza kiwe maharazi, na cha pili maharazi ya ndoana. Chuma chenye meno kadhaa, kigongwacho kwa nyundo ili kutia matundu yaliyolingana, kiitwe uma wa kutobolea. Mwenye kukiona hatauliza kwa nini. Mshono ushonwao kwa uzi mmoja wenye sindano kila ncha, zikipishana katika kila tundu, tumeuita mshono wa sindano mbili. Hushinda ule wa cherehani kwa jambo moja: pigo moja likikatika, uzi wa upande wa pili bado umeshika. Ndiyo maana mafundi wa hatamu na mikanda mizito hawajauacha.

Tumesema kuwa neno huamua fedha. Kwa mujibu wa sheria ya fedha za serikali za mitaa kama ilivyorekebishwa mwaka 2018, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Kukosa riba hakukifanyi kikundi kisidaiwe. Kikundi kilichopokea cherehani ya mashati badala ya ile ya viti hulipa marejesho yaleyale, huku chombo kimefunikwa kitambaa pembeni.

Mpakani jambo hilo huonekana kwa namna nyingine. Tanzania na Zambia zote hutumia mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa ulioanza mwaka 1988. Katika mfumo huo cherehani, pamoja na meza zake na sindano zake, zimo katika kichwa 8452. Mashine za kutengenezea ngozi, au za kuundia na kukarabati viatu, zisizo cherehani, zimo katika kichwa 8453. Kwa hiyo mashine ya kupunguza unene wa ukingo wa ngozi ipo 8453, na cherehani ya viraka ipo 8452, ijapokuwa fundi amezinunua duka moja na kuzifunga sanduku moja. Ankara ikisema "mashine mbili za viatu", afisa hana budi kukisia au kufungua sanduku. Sindano nazo hugawanyika: ya cherehani hufuatana na cherehani, lakini ya kushonea kwa mkono ipo katika kichwa 7319. Hata cherehani ya kushonea vitabu haimo pamoja na nduguze, imewekwa 8440. Twashauri neno mashine lisitumike kamwe kwa chombo chochote kinachoshona ngozi au nguo, ili cherehani libaki na mpaka wake wote.

Limebaki neno ngozi. Kiingereza hutenganisha ngozi iliyochunwa na ile iliyokwisha kutengenezwa; sisi tuna neno moja, na twasaidiwa na vivumishi. "Ngozi mbichi" limezoeleka, lakini mbichi kwa Mswahili ni kinyume cha kavu. Forodha huhesabu ngozi iliyotiwa chumvi na hata iliyoanikwa ikakauka kuwa bado haijatengenezwa, katika vichwa 4101 hadi 4103, na hapo karani hulazimika kuandika "ngozi mbichi iliyokauka". Ngozi ghafi litamwondolea aibu hiyo. Kwa tendo la kuigeuza isioze tunayo kudabaghi, neno la zamani lenye maana hiyo tu. Kusindika, litumiwalo sasa katika taarifa za serikali, lilikuwa la mafuta na miwa. Limepanuka, nasi hatulipingi, ila lifae kwa kazi yote ya kiwanda tangu ngozi inapopokelewa hadi inapopakwa rangi, na kudabaghi libaki kwa hatua yake.

Majina yaliyopendekezwa hapa bado ni ya kujadiliwa. Tungependa hasa kusikia kutoka kwa walimu wa ufundi na maafisa wa Tunduma, Vwawa, Mlowo na Ileje, watuandikie mafundi wa kwao hukiitaje kile chombo chenye mpini na kindoana. Kama pana neno moja linalosikika pote katika mkoa, na halimaanishi pia sindano ya kawaida, litapewa nafasi mbele ya maharazi ya ndoana.